Mkataba gizani, siri barabarani

Kisangani – Mwaka 2023, mapigano kati ya ndugu zetu Wambole na Walengola yalipowaka upande wa Lubunga, watu wengi walivuka mto kwa mitumbwi wakakimbilia huku mjini. Kanisa letu lilipokea familia kadhaa. Walilala madarasani, wakapika uani. Shamasi wetu akafungua daftari na kuandika: jina la baba, jina la mama, idadi ya watoto, kijiji walikotoka, kabila, namba ya simu, na chumba wanacholala sasa.

Siku moja akaja kijana aliyevaa kizibao chenye maandishi mgongoni, simu kubwa mkononi. Alisema ametumwa na kampuni iliyopewa kazi ya kuhesabu waliohama makwao, kwa niaba ya Serikali. Alikuwa na adabu. Alinisalimia, «Pasta, Bwana asifiwe», nami nikampa daftari. Akapiga picha kila ukurasa, akashukuru, akaenda zake. Sikumwuliza mkubwa wake ni nani. Sikumwuliza picha zile zitahifadhiwa wapi, wala nani mwingine ataziona.

Wiki chache baadaye simu za wale watu zikaanza kulia. Wengine waliombwa fedha ili majina yao yasifutwe kwenye orodha ya msaada. Mama mmoja mjane alitajiwa jina la kijiji chake, idadi ya watoto wake, hata chumba alicholala. Hakungoja kujua aliyepiga ni rafiki au adui. Kabla ya mapambazuko alibeba watoto wake akaondoka, na hatujamwona tena.

Wapendwa katika Bwana, siandiki haya kumshtaki yule kijana. Pengine naye alitumwa tu, na aliyemtuma alitumwa na mwingine. Aliyetoa daftari ni mimi. Lakini tangu siku ile swali moja haliniachi. Kama mchungaji mmoja anaweza kupoteza siri za familia chache kwa sababu hakuuliza, inakuwaje kwa nchi nzima inayokabidhi siri zake kwa makampuni?

Serikali haifanyi kazi peke yake

Wengi wetu tukisikia «siri ya Serikali» tunawaza jenerali na ramani yake, au waziri na kabati lake. Siku hizi sehemu kubwa ya siri hizo haiko mikononi mwa jenerali wala waziri. Iko kwa makampuni yaliyosaini mkataba wa kufanya kazi ambayo Serikali haiwezi kuifanya yenyewe, au haitaki.

Tazama tu yaliyotuzunguka. Pasipoti yako yenye alama za vidole ilitengenezwa na kampuni ya nje. Mashine tuliyopigia kura mwaka 2018 na 2023 ilitoka kwa Miru Systems ya Korea Kusini. Ndege za kivita za jeshi letu zimetengenezwa na mafundi wa kukodiwa kutoka Ulaya. Na kwa kuwa hesabu ya mwisho ya watu wa nchi hii ilifanyika mwaka 1984, na raia wengi hawana kitambulisho cha taifa, kadi ya mpiga kura ndiyo inayotutambulisha benki, barabarani na hospitalini. Kwa hiyo anayeshika orodha ya wapiga kura ameshika pia majina, sura na maskani ya zaidi ya watu milioni 40.

Kuajiri kampuni si dhambi. Anayejenga nyumba huita fundi. Lakini fundi anayejenga nyumba yako anajua dirisha lipi halifungi vizuri, na ndiyo maana mwenye busara humchagua fundi kwa uangalifu, humwonyesha chumba anachokijenga tu, na siku kazi inapokwisha hudai funguo zake.

Wengine wanajengaje ukuta

Marekani ndiyo nchi inayotumia makampuni ya namna hii kuliko nyingine zote, na sheria zake kuhusu jambo hili ni ndefu. Mpango wake wa kulinda siri zilizo mikononi mwa makampuni ulianzishwa kwa amri ya Rais mwaka 1993, na kanuni zake za sasa zilianza kutumika Februari 2021. Ukiondoa maneno ya wanasheria, mambo makubwa ni machache na mtu yeyote anaweza kuyaelewa.

Kwanza, kampuni yenyewe huchunguzwa kabla ya kuonyeshwa karatasi moja ya siri. Mwenyewe ni nani hasa? Fedha zake zinatoka wapi? Je, kuna nchi ya kigeni inayoweza kumwamuru mkurugenzi wake? Kampuni isiyotaka kusema mmiliki wake wa kweli haipiti mlangoni.

Pili, kila mfanyakazi huchunguzwa peke yake, na hata akipata kibali haruhusiwi kuona kila kitu. Anaona kile tu ambacho kazi yake inakihitaji. Anayetengeneza injini haoni mpango wa vita. Kanuni hii, ya kumpa mtu kile anachohitaji na si zaidi, ndiyo jiwe la msingi.

Tatu, kila karatasi hupewa alama ya ngazi yake, na ngazi ni tatu kulingana na madhara yatakayotokea ikivuja. Karatasi ya ngazi ya juu haikai kwenye droo ya meza wala haitumwi kwa simu ya mtu binafsi.

Nne, kampuni ikimpa sehemu ya kazi mwenzake, yule wa pili anabanwa na masharti yaleyale. Siri haipungui uzito kwa sababu imepita mikono mingi. Tano, kampuni inalazimika kutoa taarifa karatasi ikipotea, mgeni wa ajabu akianza kuuliza maswali, au mfanyakazi akionyesha dalili za hatari. Na mkataba ukiisha, vitu vya siri vinarudishwa au vinaharibiwa, lakini ahadi ya kunyamaza aliyoisaini mfanyakazi inamfuata mpaka kaburini.

Je, ukuta huu hauna ufa? Unao. Mwaka 2013 Edward Snowden, mfanyakazi wa kampuni ya Booz Allen Hamilton huko Hawaii, alichukua maelfu ya nyaraka za shirika la upelelezi la Marekani akazipa waandishi wa habari. Alikuwa hajamaliza miezi mitatu katika kampuni hiyo. Mwaka 2017 mwanamke kijana aliyeitwa Reality Winner, naye mfanyakazi wa kampuni, alichapa ripoti moja ya siri kwenye karatasi na kuituma kwa posta kwa chombo cha habari. Alihukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka mitano. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee. Kufuli, kamera na kiapo havibadilishi moyo wa mtu.

Lakini tusipite haraka hapo. Nyaraka za Snowden zilionyesha kwamba Serikali ya Marekani ilikuwa ikikusanya kumbukumbu za simu za raia wake kwa mamilioni, bila wao kujua. Mwaka 2015 bunge lao lilibadilisha sheria kuzuia ukusanyaji wa namna hiyo. Kwa hiyo ndani ya kabati moja kulikuwa na siri zinazolinda watu, na siri zilizofichwa wasizione wale wanaohusika nazo. Nitarudi kwenye tofauti hiyo, maana ndiyo kiini cha neno langu leo.

Na sisi je?

Nichukue mifano mitatu kutoka nchi yetu, yote inajulikana hadharani.

Wa kwanza ni pasipoti. Mwaka 2015 Serikali ilisaini mkataba na kampuni ya Semlex ya Ubelgiji kutengeneza pasipoti zenye alama za vidole. Raia alilipa dola 185, mojawapo ya bei za juu kabisa duniani, katika nchi ambako mwalimu anaweza kufanya kazi mwezi mzima asipate kiasi hicho. Mwaka 2017 shirika la habari la Reuters lilichapisha uchunguzi: katika dola 185 hizo, 65 tu ndizo zilizokwenda kwa Serikali, na 60 zilikwenda kwa kampuni ndogo iliyosajiliwa Falme za Kiarabu. Mkataba ulipofika mwisho mwaka 2020, bei mpya ikawa dola 99. Sote tulizungumza juu ya fedha, na ilikuwa haki. Lakini wachache waliuliza swali la pili: picha zetu na alama za vidole vyetu zilikaa wapi miaka ile yote, na nani alishuhudia zikirudishwa?

Wa pili ni uchaguzi. Januari 2019 gazeti la Financial Times la London lilitangaza kwamba limeona hesabu zilizovuja kutoka kwenye kompyuta za tume ya uchaguzi, CENI, na kwamba hazilingani na matokeo yaliyotangazwa. Sifungui kesi hiyo tena. Mahakama ilikwisha kuamua. Ninaonyesha jambo moja tu. Matokeo ya kila kituo cha kura si siri. Ni mali ya wote, na yanapaswa kubandikwa ukutani kila mtu ayasome. CENI ya wakati ule haikuyachapisha kituo kwa kituo. Hesabu zikafichwa kwa wenye nazo, kisha zikasomwa London.

Mwaka 2023 Kanisa letu la Kristo katika Kongo, pamoja na ndugu zetu Wakatoliki wa CENCO, walituma waangalizi wengi kwenye vituo. Januari 2024 CENI yenyewe ilifuta kura za wagombea 82, na miongoni mwa makosa iliyoyataja ni kushikilia mashine za kupigia kura kinyume cha sheria. Fikirini, ndugu. Mashine iliyonunuliwa nje kwa fedha za umma, iliyopaswa kulindwa kama sanduku la hazina, ilikutwa mikononi mwa mtu anayegombea.

Mfano wa tatu unatuuma zaidi sisi wa Mashariki. Serikali iliweka watu wa kukodiwa kutoka Rumania kusaidia kuilinda Goma na Sake. BBC iliona mikataba yao: askari mwenye uzoefu alilipwa kuanzia dola 5.000 kwa mwezi, wakati askari wetu alikuwa akipata kama dola 100, tena wakati mwingine hazikufika. Goma ilipoanguka mwishoni mwa Januari 2025, watu hao walikimbilia kambi ya MONUSCO. Tarehe 29 Januari zaidi ya 280 kati yao walivuka mpaka kuingia Gisenyi, wakapekuliwa mbele ya kamera, kisha wakarudishwa kwao kupitia Kigali. Walijua kambi, njia, idadi, mahali pa mizinga na udhaifu wa wenzao. Yote hayo yalivuka mpaka vichwani mwao, na yaelekea kwenye simu zao pia. Hakuna afisa wa forodha anayeweza kuzuia mzigo wa namna hiyo.

Wazee wa Kisangani hawakushangaa. Waliyaona haya tangu zamani. Baada ya uasi wa miaka ya 1960 Serikali iliwaweka Wazungu wa kukodiwa katika jeshi lake hapa mjini. Tarehe 5 Julai 1967, chini ya Jean Schramme, waliigeukia Serikali iliyokuwa ikiwalipa, wakashambulia jeshi mumu humu Kisangani. Walifahamu kambi kwa sababu walikuwa wakaaji wake. Kutoka hapa walikwenda Bukavu, wakaishika tangu Agosti hadi Novemba, kisha wakashindwa na kuvuka Ruzizi kuingia Rwanda. Kati ya 1967 na 2025 ni miaka 58. Mpaka waliovukia ni uleule, na somo ni lilelile: mtu anayelindwa na fedha tu, siri yako inakaa kwake kwa muda ambao fedha inakaa.

Tumegeuza mambo chini juu

Sasa nifike kwenye kiini. Ninapoweka mifano hii pamoja, ninaona tumegeuza mambo chini juu.

Kuna siri inayolinda watu: mahali askari walipo, jina la shahidi, ugonjwa wa mtu, alama za vidole, chumba anacholala mjane. Hii inapaswa kufungwa kwa kufuli mbili. Na kuna mambo ambayo si siri hata kidogo: nani amepewa kazi, kwa bei gani, kampuni ni ya nani, fedha zimekwenda wapi, kura zimehesabiwaje. Haya yanapaswa kuwa wazi kama mchana.

Kwetu imekuwa kinyume. Mkataba umefichwa gizani, na siri inatembea barabarani. Raia haruhusiwi kuuliza bei ya pasipoti kwa sababu «ni jambo la usalama», huku alama za vidole vyake zikikaa kwa kampuni asiyoijua mwenyewe wake. Ndiyo hatari ya neno «siri»: ni blanketi pana, na mwizi naye anaweza kujifunika humo.

Tena mambo haya mawili yanashikana. Mkataba uliofichwa ndio mlango ambao siri inatokea. Kampuni iliyopewa kazi kwa undugu au kwa bahasha haikuchunguzwa, maana aliyepaswa kuichunguza alikwisha kulipwa. Haiwezi kuadhibiwa ikikosea, maana inajua mengi juu ya aliyeipa kazi. Na mkataba ukivunjwa, hakuna wa kudai funguo. Mwaka 2023, sikukuu ya Juni 30, Rais alipewa kitambulisho cha kwanza cha taifa, na tulifurahi. Mwaka uliofuata mkataba wa kazi ile ukavunjwa baada ya kelele nyingi juu ya gharama zake. Mpaka leo wengi wetu tunaendelea kutembea na kadi ya mpiga kura, ambayo wino wake umefutika.

Si kwamba hatuna sheria. Katiba yetu, kifungu cha 31, inalinda maisha ya faragha ya kila mtu. Kifungu cha 24 kinampa kila mtu haki ya kupata habari. Sheria ya mambo ya kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023 ina sura ya kulinda taarifa za watu. Hata amri ya Waziri Mkuu ya tarehe 20 Mei 2011 inadai mikataba ya madini, misitu na mafuta ichapishwe ndani ya siku 60. Kwa hiyo nchi yetu ilikwisha kukubali kwa maandishi kwamba mkataba na kampuni si siri. Kinachobaki ni kulieneza jambo hilo hadi kwenye pasipoti, vitambulisho na mashine za kura, na kuwa na watu wasioogopa kulitimiza.

Mwingine atauliza: je, mikataba ya jeshi nayo ichapishwe mtandaoni, adui aisome? Hapana. Mahali pa mizinga pasitajwe. Lakini kuna kamati za bunge zinazoweza kuisoma mikataba hiyo kwa milango iliyofungwa, na wakaguzi wa fedha walioapa. Kumficha adui ni busara. Kumficha mkaguzi ni jambo lingine kabisa.

Hezekia na Nehemia

Biblia inatuwekea viongozi wawili mbele yetu.

Wa kwanza ni mfalme Hezekia, katika 2 Wafalme 20. Alikuwa ameugua akapona. Wajumbe wakaja kutoka Babeli na barua na zawadi, wamempa pole. Hezekia akafurahi, akawaonyesha kila kitu: fedha, dhahabu, manukato, nyumba ya silaha. Hakikubaki chumba wasichokiona. Nabii Isaya alipofika aliuliza maswali ambayo mkaguzi yeyote mzuri angeuliza: watu hawa wametoka wapi, wamesema nini, na wameona nini? Hezekia alijibu kwa uaminifu kwamba wameona vyote. Isaya akamwambia kwamba siku inakuja vyote vitachukuliwa Babeli. Hezekia hakuwa msaliti. Alikuwa mcha Mungu, na wageni walikuja na tabasamu. Kosa lake lilikuwa kutokupima kile mgeni anachohitaji kuona.

Wa pili ni Nehemia. Alipofika Yerusalemu alizunguka kuta usiku, na watu wachache, bila kumwambia mtu mpango aliokuwa nao moyoni. Kisha akawagawia watu kazi, kila jamaa kipande chake, wengi mbele ya nyumba zao wenyewe. Anayejenga lango la samaki hakuwa na haja ya kujua yote ya lango la farasi. Lakini tazama sura ya 5. Palipotokea malalamiko juu ya fedha, madeni na riba, Nehemia hakuyaita «siri ya taifa». Aliitisha mkutano mkubwa, akawakemea wakuu mbele ya watu wote. Naye mwenyewe alieleza kwamba kwa miaka 12 hakula posho ya liwali. Mpango wa ukuta aliuficha, hesabu ya fedha akaiweka wazi. Huyo ndiye kiongozi tunayemwomba Mungu atupe.

Na Nehemia hakusalimika na wavujaji. Sura ya 6 inasema wakuu wengi wa Yuda walikuwa wakiandikiana barua na Tobia, adui wa kazi, kwa sababu ya undugu wa ndoa, nao walimpelekea maneno ya Nehemia. Hapo hapo kuna nabii aliyekodiwa kwa fedha ili amtie hofu. Undugu na fedha: milango ileile ambayo siri zetu zinapitia leo.

Lakini sehemu inayonichoma mimi ni sura ya 13. Nehemia aliposafiri, ni nani aliyempa Tobia chumba ndani ya nyumba ya Mungu? Si askari wala mfanyabiashara. Ni kuhani Eliashibu, tena katika ghala lililokuwa la sadaka na zaka. Nikisoma hapo nakumbuka daftari langu.

Tuanzie nyumbani

Makanisa yetu ya Mashariki yana taarifa nyingi kuliko tunavyodhani: orodha za waliohama, za wajane wa vita, za wanawake waliobakwa na kutibiwa katika hospitali zetu, za watoto waliotoka kwenye vikundi vya silaha, za walimu wa shule zetu. Na wengi wenu mnaosoma haya mko katika miji ambayo mamlaka yamebadilika usiku mmoja. Mji ukianguka, watu hukimbia. Kabati haliwezi kukimbia. Orodha iliyoandikwa kwa upendo jana inaweza kusomwa kesho na mtu mwenye nia nyingine.

Kwa hiyo, kabla ya kudai kwa Serikali, naomba kila paroisse izungumze juu ya mambo haya katika kikao cha wazee.

Tuandike kile tu kinachohitajika. Kama msaada ni unga, kwa nini tuandike kabila? Daftari la majina likae kwa mtu mmoja anayejulikana, mahali pamoja panapofungwa, na wazee wajue ni nani. Mtu akija kwa jina la shirika, kampuni au Serikali, tudai barua ya kazi, tupige simu kwa ofisi iliyomtuma, tuulize orodha itakaa wapi na lini itafutwa. Akikasirika kwa kuulizwa, hilo ni jibu tayari. Tuwaulize wenye majina kabla ya kuyatoa. Ni majina yao, si yetu. Na kazi ikiisha, tuchome tusichokihitaji tena.

Upande wa pili, hesabu zetu tuziweke wazi. Kanisa linalonong'ona juu ya sadaka haliwezi kuidai Serikali ichapishe mikataba. Tukisoma mapato na matumizi mbele ya washirika, tumepata mdomo wa kusema na gavana, na mbunge, na waziri. Wabunge wetu wa Tshopo wanakuja kwenye ibada zetu kila wakati wa kampeni. Tuwaulize basi maswali matatu ya Isaya juu ya kila kampuni: imetoka wapi, imesema nini, imeona nini?

Yule mama mjane simjui alipo. Nilimtafuta kwa waliotoka kijiji chake, sikupata habari. Daftari lile sasa liko kwenye sanduku la chuma, na funguo yake iko kwa mama mmoja wa kanisa ambaye hata mimi mchungaji ananiuliza ninaitakia nini. Mara ya kwanza nilikasirika kidogo. Sasa namshukuru Mungu kwa ajili yake.

Tuombe pamoja

Tuwaombee waliohama makwao, ambao majina yao yako kwenye orodha wasizozijua, Bwana awafiche chini ya mbawa zake. Tuwaombee askari wetu, ili maisha yao yasiuzwe na wanaojua siri zao. Tuwaombee viongozi wapate busara ya Nehemia, wajue cha kuficha na cha kuweka wazi. Na tujiombee sisi wachungaji, ili tusimpe Tobia chumba katika nyumba ya Mungu. Amina.